Sura ya Saba: Fundi wa Maksai

Shelui hakuna farasi. Mtoto wa kwetu humwona kwenye kalenda ya ukutani na kwenye sinema, akajua kwamba ziko nchi ambako mnyama huyo hulima, hubeba na hushindana mbio, na kwamba watu wanaomfundisha huheshimiwa na hata kuandikwa vitabuni. Kwetu kazi hiyo ni ya maksai na punda. Wanaowafundisha hawana cheti wala cheo. Sifa zao hazivuki tarafa, na wakifa hakuna gazeti linaloandika. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa mmoja wao. Alifariki kabla hajatimiza miaka 35. Ninaandika sura hii kwa sababu alichokijua kilikuwa elimu kamili, na kwa sababu kilichomuua kina kinga, nayo ni sindano ya begani.

Chini ya Mlima Sekenke

Anayesafiri kutoka Singida kwenda Nzega hupita Misigiri, kisha barabara huanza kuteremka kwa kona kali kwenye Mlima Sekenke. Nyuma yake huko juu anaiacha nyanda ya Iramba, yenye upepo na baridi ya asubuhi. Mbele yake chini kuna joto, migunga, na mbuga za Wembere ambazo masika hujaa maji na kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu. Shelui iko hapo chini, katika wilaya ya Iramba. Ni mahali pa kukutana: Wanyiramba wenyeji, Wasukuma waliokuja wakifuata malisho na mashamba ya pamba na mpunga, Wataturu na mifugo yao, wachimbaji wadogo wa dhahabu, na madereva wa malori wanaopumzika kabla ya kuupanda mlima.

Dhahabu ndiyo iliyoiingiza sehemu hii katika vitabu vya historia. Mgodi wa Sekenke ulianza zama za Wajerumani, na mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowabana, dhahabu ya huku iligongwa kule Tabora kuwa sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Wakusanyaji wa sarafu duniani wanazitafuta hadi leo. Lakini kilicholisha watu wengi zaidi ni ule udongo mweusi wa mbugani, na udongo huo ni mgumu kuuridhisha. Ukilowa unanata kwenye jembe. Ukikauka unakuwa sakafu. Siku za kuulima ni chache, kati ya mvua za kwanza na mafuriko, na familia yenye majembe ya mkono peke yake huzimaliza siku hizo ikiwa bado kwenye kona moja ya shamba. Maksai waliozoea plau hulima kati ya nusu ekari na ekari nzima kwa siku, wakianza alfajiri na kufunguliwa kabla jua halijawa kali. Kwetu, tofauti kati ya mwaka wa shibe na mwaka wa njaa mara nyingi imekuwa jozi ya ng'ombe wanaojua kazi.

Farasi asingeweza kuishika nafasi hiyo. Mbung'o, ambaye kwetu wengi humwita ndorobo, hueneza ugonjwa wa nagana, na usubi hueneza ugonjwa mwingine unaowaua farasi wa Afrika kwa siku chache tu. Ushahidi uliandikwa karibu na kwetu. Mwezi Aprili 1916, Jenerali van Deventer aliingia Kondoa Irangi, mashariki ya Singida, akiwa na askari wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Masika yaliwakuta huko, na katika vita hivyo vya Afrika Mashariki farasi walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na si kwa risasi. Hata ng'ombe wetu wenye nundu, kwa sababu ya mbung'o, walisogea huku polepole. Kuanzia miaka ya 1920, Shinyanga ilikuwa kituo kikubwa cha utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na vichaka vilipofyekwa, malisho yakapanuka. Kilimo cha pamba kikaleta plau Usukuma, na kutoka huko ikaja Wembere kwa majirani, wakwe na wafanyabiashara wa minadani. Mjomba alikuwa wa kizazi cha watu waliozaliwa plau ikiwa tayari ipo, lakini fundi wa kuwafundisha ng'ombe akiwa bado adimu.

Masomo ya zizini

Alijifunza kwa jirani, mzee wa Kisukuma aliyemchukua akiwa kijana wa kushika kamba mbele ya ng'ombe. Alipofika miaka ishirini na kitu, watu walikuwa wakimletea madume yao kutoka vijiji vya mbali. Nami nilipotosha kushika kamba, nikawa mwanafunzi wake. Niliitikia "Naam, mjomba," naye aliniita mjomba vilevile, kama ilivyo desturi, na kwa mtoto wa umri wangu jina hilo lilikuwa heshima kubwa.

Masomo yake yalikuwa na mpangilio, na hakukubali kuruka hatua.

La kwanza lilikuwa kuchagua. Alitaka dume wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyekwisha kuhasiwa na kidonda kikapona kabisa. Alianza kwenye kwato, akapanda magotini, akapima kifua kwa mikono yake, akamalizia machoni. Kisha alikaa jioni kando ya zizi kutazama mifugo ikiingia. Anayesukuma wenzake alimwacha. Anayebaki nyuma akishtuka kila kitu alimwacha pia. Alimtaka yule anayesimama mlangoni, anatazama, kisha anaingia. Na kwa kuwa ng'ombe hufungwa wawili, ilimbidi apate wa pili anayelingana naye kwa urefu na kwa mwendo. Jozi isiyolingana huufanya mzigo wote umwangukie mmoja. Nira hupinda, na yule mdogo huchubuka shingo hadi akaichukia kazi maisha yake yote.

La pili lilikuwa kuzoeana. Kwa siku kadhaa hakufunga kitu. Aliingia zizini na magadi mkononi, akakaa juu ya gogo, akawaacha wamjie. Akawakuna chini ya shingo na kwenye shina la mkia, mahali ambapo ng'ombe hawezi kujifikia. Wapita njia walimwona mvivu. Alikuwa kazini.

La tatu lilikuwa kamba, kisha nira. Maksai mgeni alimfunga pamoja na mzee aliyelima misimu mingi. Mzee hakuhitaji kuelezwa: aliposimama, kijana alisimama, alipogeuka, kijana alivutwa akageuka. Kila mnyama alikuwa na upande wake, kulia au kushoto, na upande huo haukubadilishwa, kwa sababu anayelima upande wa kulia hukanyaga mtaro na wa kushoto hukanyaga ardhi isiyolimwa, na miili yao huzoea hivyo. Baada ya kutembea bila mzigo walikokota gogo. Baada ya gogo, plau iliyolazwa ubavu isiingie ardhini. Mwishoni ndipo plau ilipoinuliwa, na kwanza katika kichanga chepesi, mbali na ule udongo mweusi.

Maneno ya kuwaamuru yalikuwa machache, na kila neno lilikuwa na maana moja. Aliwakataza watu wa nyumbani kuyatumia ovyo karibu na zizi. Majina aliwapa mapema, na hakuwahi kumwita mnyama kwa jina lake akiwa amekasirika. Jina lilikuwa la kuitikiwa kwa furaha.

Fimbo aliibeba. Wengi walipiga hadi mnyama atii. Yeye aliigusisha begani, na mnyama alipopiga hatua moja tu, hata ndogo, fimbo iliondoka papo hapo. "Fimbo hufundisha inapoondoka," alisema. Wataalamu wa tabia za wanyama wanalieleza jambo hilohilo leo: mnyama hujifunza kutokana na kile kilichotokea wakati usumbufu ulipokoma. Ukiendelea kumpiga anayetembea, umemfundisha kwamba kutembea hakumwokoi. Karne ya 4 kabla ya Kristo, Mgiriki Xenophon aliandika kitabu juu ya farasi, na humo akaonya kwamba mtu asimkaribie farasi akiwa na hasira. Mjomba hakuwahi kumsikia Xenophon. Alifika mahali pamoja naye kwa njia ya zizi la miiba, na kwangu hiyo ni dalili kwamba alikuwa anaijua kweli yenyewe.

Mafunzo yalichukua wiki kadhaa, na kila asubuhi aliyakatiza wakati ng'ombe wamefanya vizuri. Ikiwa asubuhi ilikuwa mbaya, alirudi kwenye jambo rahisi wanaloliweza, wakalifanya, akawafungua. Mnyama alilala akiwa na ushindi. Ujira wake ulikuwa gunia la mpunga, au mbuzi, au siku za kulimiwa shamba lake mwenyewe. Wajane aliwafundishia ng'ombe wao kwa chakula cha mchana tu. Mama alipomwambia kwamba atabaki maskini, alimjibu, "Dada, wanalima. Wakilima hatuwezi kulala njaa wote."

Punda na wanaomsingizia

Kama maksai walikuwa kazi yake, punda walikuwa ugomvi wake na jamii. Methali zetu zimemwonea mnyama huyu. Tunasema asante ya punda ni mateke. Tunasema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Mjomba alizikataa zote mbili, na alikuwa na hoja.

Punda ni Mwafrika. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha kwamba alifugwa kwanza huku Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita, na kutoka hapa akaenea duniani. Anahimili kiu na malisho duni. Akiogopa, hakurupuki kukimbia kama farasi. Husimama, akatazama, akapima hatari. Mwenye haraka huona ukaidi. Mjomba aliona mnyama anayefikiri, na alimpa muda wa kumaliza kufikiri. Punda aliyeruhusiwa kunusa daraja la magogo mara ya kwanza, alilivuka maisha yake yote bila kusukumwa. Punda aliyepigwa pale darajani alilikumbuka pigo pia.

Alipigana hasa na desturi ya kumfunga punda nira ya ng'ombe. Ng'ombe wetu ana nundu, na nira hukaa mbele yake ikapata pa kuegemea. Punda hana. Nguvu yake iko kifuani, na nira humsaga mifupa ya shingo hadi vidonda. Mjomba alishona mikanda mipana ya kifua kwa magunia na mpira wa tairi, akawaonyesha wenye mikokoteni jinsi ya kuifunga. Mzigo wa mgongoni aliupima kwa madumu: mawili ya lita 20, moja kila upande, basi. Hiyo ni kilo 40, karibu theluthi moja ya uzito wa punda wetu wa kawaida, na ndicho kiwango ambacho mabwana mifugo hushauri. Aliyeongeza dumu la tatu juu ya sogi alisikia sauti yake kutoka mbali.

Hakuishi kuona biashara ya ngozi za punda, ambayo ilijenga machinjio Dodoma na Shinyanga ili ngozi ziende China kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Punda hubeba mimba karibu mwaka mzima, na huzaa mtoto mmoja. Hakuna kundi linaloweza kujaza pengo la machinjio. Wanawake wa vijijini ndio walioumia kwanza, kwa sababu punda aliyeibwa usiku ni maji yanayobebwa kichwani kesho yake. Serikali ya Tanzania ilisimamisha uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuupiga marufuku barani kote kwa miaka 15. Kila nisomapo habari hiyo humfikiria yeye, aliyekuwa akisema punda ana haki ya kupumzika, katika miaka ambayo watu walimcheka.

Mwiba

Ilikuwa mwanzoni mwa msimu wa kulima, miaka ya 1990, barabara ya Mlima Sekenke ikiwa bado ya vumbi. Alikuwa anawatenga madume zizini. Boma lilikuwa la matawi ya mgunga, kama maboma yote ya kwetu, na mwiba mmoja ulipenya soli ya katambuga zake ukaingia ndani ya unyayo. Aliung'oa kwa koleo, akatema mate, akaendelea. Kitobo kilikuwa kidogo, hakikutoa damu ya kutosha hata kuchafua kiatu. Kesho yake alikuwa nyuma ya plau, na keshokutwa kidonda kilikuwa kimefunga.

Baada ya kama wiki moja alilalamika kwamba taya linakaza. Alidhani ni jino. Siku iliyofuata hakuweza kufungua kinywa kumeza uji, na shingo ilikuwa ngumu kama mpini. Usiku ule mwili ulianza kujikunja kwa mishtuko, na kila sauti iliuanzisha upya: mlango, kikohozi, mbwa. Alikuwa na akili zake timamu. Alinitazama, na kwa meno yaliyofungana akauliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Wazee walitafuta lori, likaupanda mlima gizani na kufika hospitali alfajiri. Wauguzi walifanya yote waliyoweza kwa vifaa vilivyokuwepo. Alifariki siku ya tatu, mama akiwa ameshika miguu yake.

Msiba ulijaa watu kutoka pande zote za mbuga. Wengi sikuwajua. Mmoja baada ya mwingine walijitambulisha kwa mama kwa ng'ombe wao: mimi ni mwenye wale wekundu wawili, mimi ni mwenye yule mweusi aliyekuwa akigoma mtoni. Mama alivumilia mazishi yote, kisha akalia aliposikia hivyo, kwa sababu alielewa ni mashamba mangapi yalikuwa yamepita katika mikono ya mdogo wake.

Yalisemwa pia maneno mengine. Kijana mwenye nguvu, amekufa kwa kujikunja, bila kidonda kinachoonekana: watu walitafuta mkono wa adui, na kulikuwa na jirani ambaye kwa miezi hakusalimiwa. Ugonjwa usioeleweka huua mara mbili, kwanza mtu, kisha ujirani. Kwa hiyo kuueleza ni sehemu ya kumzika vizuri.

Damu ya farasi

Kilichomuua mjomba kilikuwa pepopunda, ugonjwa unaosababishwa na bakteria aitwaye Clostridium tetani. Mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi, zikistahimili jua na ukame, na huishi pia matumboni mwa ng'ombe, farasi, punda na kondoo, hivyo samadi huzibeba. Zizi ni makazi yake ya kudumu. Haidhuru ngozi nzima. Huhitaji tundu lisilopata hewa, na kitobo chembamba kirefu kilichojifunga juu huifaa zaidi kuliko jeraha kubwa lililo wazi. Mwiba wa mgunga hutoboa tundu la namna hiyohiyo. Humo ndani bakteria huzaliana na kutoa sumu, sumu husafiri kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo, na huko huzima ile amri inayoiambia misuli ilegee. Misuli yote hukaza kwa pamoja. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, kwa kawaida zikianzia tayani. Ugonjwa huu hauambukizi kutoka mtu hadi mtu, na hauhitaji adui.

Kinga dhidi yake ilitoka kwa wanyama. Mwaka 1890, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato, wakiwa Berlin, walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu hiyo kidogokidogo humkinga mnyama mwingine. Baadaye farasi wakawa ndio watoaji wakuu: walichomwa sumu iliyodhoofishwa, damu yao ikachukuliwa kwa kiasi, na maji yake yakawa dawa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wengi walijeruhiwa kwenye mashamba ya Ufaransa yaliyojaa samadi ya karne nyingi, na pepopunda ikawavamia. Majeshi yalipoanza kumpa kila majeruhi sindano ya damu ya farasi, visa vilishuka kwa kasi. Kisha miaka ya 1920, Mfaransa Gaston Ramon, daktari wa mifugo aliyefanya kazi na farasi hao wa dawa, alionyesha jinsi ya kuituliza sumu kwa formalini na joto hadi iwe chanjo inayoufundisha mwili wenyewe kujilinda. Chanjo tunayochomwa leo ni uzao wa kazi hiyo.

Humpenda sana mjomba nikifika hapa. Angefurahi kujua kwamba farasi, ambaye hakumwona hata siku moja, alisimama kwa utulivu mbele ya watu waliomzoesha, akatoa damu, na binadamu wakapona. Angeuliza nani aliwazoesha farasi hao, na kwa njia gani.

Lakini kinga hiyo haikumfikia. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975. Yeye alizaliwa kabla yake na alikuwa amekwisha kupita umri wa watoto wachanga. Mama yake na dada zake walichanjwa kliniki walipokuwa wajawazito, kadi zao zilikuwa kwenye sanduku la nguo nyumba ileile aliyolala. Utaratibu huo umeokoa maisha mengi mno, na mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeitokomeza pepopunda ya wajawazito na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Lakini mwanaume mzima hana kliniki ya kumwita. Anayezaliwa leo hupata dozi za utotoni, na nguvu ya dozi hizo hupungua miaka inavyokwenda bila ya kuongezewa. Kampeni za tohara ya hiari zilipoenea Afrika Mashariki na Kusini, visa vya pepopunda kwa wanaume vilijitokeza, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliitisha wataalamu kulijadili pengo hilo. Mfugaji, mkulima, mchimbaji wa Sekenke anayeingia shimoni kifua wazi, dereva wa mkokoteni: hawa ndio wanaoishi na udongo na samadi kila siku, na ndio tuliowasahau.

Somo la kutangulia

Mwanafunzi wa ufundi wowote hurithi mpangilio wa masomo kutoka kwa fundi wake, na anayo haki ya kuongeza alichofundishwa na msiba. Mpangilio wa mjomba ulianza kwa kuchagua mnyama. Mimi ninaongeza somo moja mbele yake: mfunzaji aanze na mwili wake mwenyewe.

Kabla hujaingia zizini, nenda kituo cha afya ukaulize chanjo ya pepopunda. Mtu mzima ambaye hakuwahi kuchanjwa huhitaji dozi tano kwa jumla. Ya pili huja walau wiki 4 baada ya ya kwanza, ya tatu walau miezi 6 baada ya hapo, na mbili za mwisho zikiachana kwa walau mwaka mmoja. Tunza kadi yako mahali pamoja na kadi za wanao. Ukichomwa na mwiba, msumari au ncha ya plau, osha kwa maji mengi na sabuni hadi ndani, usikipake kidonda samadi wala udongo wala majivu, usikifunge kikakosa hewa, kisha nenda kituoni siku hiyohiyo hata kama hakiumi. Taya likianza kukaza, usingoje jino lipone. Vaa buti zizini. Katambuga ni viatu vizuri vya njia, lakini mgunga hauzijali.

Na wanaopanga huduma wafuate watu waliko. Siku ya mnada wanaume wa tarafa nzima hukusanyika mahali pamoja, na ng'ombe hupata chanjo zao kupitia kwa mabwana mifugo. Meza ya muuguzi inaweza kukaa hatua chache kutoka hapo. Mtu anayelipa ng'ombe wake wachanjwe dhidi ya kimeta na chambavu anaijua tayari thamani ya sindano. Hahitaji kushawishiwa, anahitaji kukumbukwa.

Vijana waliojifunza kwa mjomba ni wazee sasa, na wengine wamewafundisha watoto wao wa kike, jambo ambalo angelifurahia. Matrekta yameongezeka mbugani, lakini mwenye ekari tatu bado hulima kwa maksai, na punda bado wanabeba maji. Maana yake ni kwamba bado kuna watu watakaokaa juu ya gogo zizini wakisubiri mnyama awajie mwenyewe. Ninawaandikia hao. Mjomba aliwafundisha wanyama wengi kuvuta pamoja bila kuumizana, na alikufa kwa kitu ambacho dunia ilikuwa na dawa yake tangu kabla hajazaliwa. Heshima anayostahili ni kwamba asiwepo fundi mwingine wa Shelui, wa Igunga, wa Kiomboi wala wa kokote nchini, atakayezikwa kwa sababu ya mwiba.